Aliye juu mngoje chini: wawili, hema moja na majabali ya Joshua Tree

SWALI: Kaka, mimi na mume wangu tunaishi San Diego, mimi ni wa Tanga, yeye wa Moshi. Tuna mwaka mmoja na nusu tunapanda kuta za ndani, zile fupi zisizo na kamba. Kwa vile vipimo vya ugumu vinavyoanzia V0 na kupanda, yeye anamaliza njia za V4, mimi za V3. Februari, wikendi ile ndefu ya Presidents' Day, tunataka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Joshua Tree, kule jangwani California, tulale hemani siku tatu na tupande majabali ya kweli kwa mara ya kwanza. Mume wangu anasema godoro moja la kuangukia linatosha, na nafasi ya hema tutaipata hukohuko. Mimi nina wasiwasi na yote mawili, na baridi, na nyoka. Tuanzie mawe gani? Halafu nikuambie ukweli, tukipanda pamoja tunagombana. Hilo nalo lina dawa?

JIBU: Dada, nisalimie shemeji, kisha mwambie taratibu kwamba yote mawili amekosea. Simcheki. Safari yangu ya kwanza Joshua Tree nilifika na godoro moja, na imani kama yake kuhusu hema, nikalala kwenye kiti cha gari nje ya hifadhi, magoti kifuani.

Tumalize la hema kwanza, ni jepesi. Msimu wa pale ni Oktoba mpaka Mei, kwa sababu wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 38 na mwamba unakuwa kikaango. Kambi ambayo kila mpandaji anaitaka ni Hidden Valley: nafasi 44 tu, hazihifadhiwi, anayewahi ndiye mwenyewe, na ukitoka hemani hatua chache umeshika jiwe. Wikendi yoyote ya msimu hujaa. Wikendi ya sikukuu watu wanakaa garini wakimvizia anayekunja hema. Kwa hiyo mkiweza, igeuzeni safari: ingieni Jumatatu ya sikukuu mchana, wenzenu wakiwa wanafungasha kurudi mjini, mtoke Alhamisi. Ikishindikana, nafasi za Jumbo Rocks (ziko 124) na Indian Cove huhifadhiwa kwenye tovuti ya Recreation.gov hadi miezi 6 kabla. Hata zikionekana zimeisha, chungulieni kila siku, watu hughairi.

Kwa nyinyi ningependelea Indian Cove. Iko mita 975 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati Hidden Valley iko karibu 1,280, na hizo mita 300 utazisikia mwilini saa tisa ya usiku. Ila jueni kwamba ina barabara yake inayotoka barabara kuu namba 62, na haiungani kwa gari na sehemu nyingine za hifadhi. Kwenda kupanda upande wa Hidden Valley mtatoka nje, mzunguke kupitia mji wa Joshua Tree, muingie tena.

Sasa godoro, na hapa nitakaa.

Ukumbini mmezoea sakafu nzima kuwa godoro. Ukiachia mkono popote, chini kuna sponji nene. Mmefundishwa kupanda, tena vizuri ukitazama madaraja yenu. Kushuka hamjafundishwa, na kuanguka hamjafundishwa, kwa sababu sakafu imekuwa ikiwafanyia kazi hiyo. Nje, godoro la kubeba mgongoni lina ukubwa wa mita moja kwa mita moja na robo hivi, unene wa sentimita 10. Pembeni yake kuna mchanga mgumu, mzizi, au jiwe lingine lenye ncha. Ukiwa juu mguu ukateleza upande wa kushoto, godoro likiwa kulia, ni kama hukulibeba.

Kwa wawili chukueni magodoro mawili, na la tatu jembamba likipatikana la kuziba maungio. Msinunue kwanza. Kumbi nyingi hukodisha, na hata mjini Joshua Tree, mlangoni mwa hifadhi, vifaa vya kupandia vinauzwa. Yapangeni yagusane kabisa, kwa maana ufa kati ya magodoro mawili ndipo kifundo cha mguu kinapokwenda kuvunjikia. Na yapangwe chini ya pale mtakapoanguka, si pale mnapoanzia. Kama hatua ngumu iko mwishoni, mita tatu kulia kwa mahali pa kuanzia, magodoro yakae huko, na mwanzo wenye mita moja kwenda juu uachwe bila kitu.

Kuna methali tumezoea kuwarushia wakubwa waliojisahau: aliye juu mngoje chini. Kwenye majabali haina kejeli hata kidogo. Ndiyo kazi yenyewe. Mmoja akipanda, mwingine yuko chini akimngoja, mikono imeinuliwa, macho kwenye kiuno cha aliye juu. Si kwenye vidole vyake, kwa sababu mwili huanguka kwa kiuno. Kazi hiyo mimi naiita kukinga. Anayekinga hadaki mtu. Shemeji akiwa na kilo 85 na wewe 58, ukijaribu kumdaka kama mtoto mtaumia wote wawili. Unachofanya ni kumsukuma kiunoni au chini ya makwapa ili atue godoroni kwa miguu, na kuhakikisha kichwa chake hakigongi jiwe. Vidole gumba vibane na vingine, visimame kama kijiko. Kidole gumba kilichotanuka ndicho huvunjika. Yeye akikukinga wewe, ana nguvu ya kukupunguzia kasi. Wewe ukimkinga yeye, kazi yako kubwa ni kusogeza godoro kwa mguu kadiri anavyokwenda. Hizo ni kazi mbili tofauti, wala hakuna iliyo ndogo.

Anayeanguka naye ana wajibu. Atue kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa, kisha aachie mwili uviringike kwenda mgongoni, mikono ikiwa imekumbatia kifua. Mkono usitangulie nyuma kuzuia, kwani kiwiko na kiganja havikuumbwa kubeba mwili mzima. Fanyeni zoezi hilo mara kumi kumi ukumbini wiki hizi zilizobaki, kutoka mita moja, kisha moja na nusu. Mtajisikia wajinga. Fanyeni hivyohivyo.

Kushuka, sasa. Mpanda ngazi hushuka, lakini jabali halina ngazi. Mwaka 2011 nilipanda jiwe moja zuri sana, jepesi, nikasimama kileleni nimejaa sifa, nikageuka kutafuta njia ya kurudi. Haikuwepo. Upande wa nyuma ulikuwa mteremko laini unaoishia kwenye kichaka cha miiba. Mke wangu alizunguka na godoro mara tatu, mimi nikichungulia na kughairi, dakika arobaini nzima, mpaka kundi la vijana wakaja na magodoro yao wakatandika kama kitanda cha harusi. Bado naambiwa habari hiyo kila tukiwa na wageni. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa jiwe nalizunguka, natafuta pa kushukia, na kama ni pagumu napanda kwanza pale pa kushukia, nikishuka salama ndipo nageukia njia yenyewe. Fanyeni hivyo kila jiwe, bila kujali kitabu cha mwongozo wa njia kimesema nini.

Umeuliza muanzie wapi. Kwanza punguzeni madaraja mawili: shemeji aanze V1 na V2, wewe V0 na V1. Vipimo hivi vya V vilianzia kwenye majabali ya Hueco Tanks, Texas, kwa mpandaji John Sherman na wenzake, na kila mahali vinasomwa kwa lafudhi ya pale. Joshua Tree lafudhi ni kali. Wapandaji wakongwe wa miaka ya 1970, kina John Bachar na John Long, walipima kwa macho yao wenyewe, na walichokiita chepesi mara nyingi si chepesi. Halafu nje hakuna rangi. Ukumbini unafuata vishikio vya kijani mpaka juu. Pale utaona ukuta mzima wa kijivu na dhahabu, na itabidi uusome kama mtu anayetafuta herufi gizani.

Mwamba wenyewe unahitaji imani ya aina nyingine. Ni jamii ya granaiti: rojo ya moto iliyopoa taratibu chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, ikapasuka, maji ya chini yakapenya kwenye nyufa na kuzila kona mpaka zikawa mviringo, kisha udongo wa juu ukachukuliwa na mafuriko, mawe yakabaki wazi kama marundo ya viazi. Kwa sababu ilipoa polepole, chembe zake ni kubwa na kali. Vishikio vya mkono ni vichache na vya mviringo, lakini kiatu kinanata ajabu. Mtu wa ukumbini huning'inia mikononi na kutafuta pa kuvuta. Pale utasimama juu ya miguu yako kwenye mteremko usio na kitu, na utapita. Dada, mara nyingi wanaopanda kwa miguu na subira hufanya vizuri siku ya kwanza kuliko wenye mabega. Usimwambie shemeji mapema, ajionee.

Njia moja ninayowapendekezea wapenzi wawili ni Gunsmoke, karibu na Barker Dam. Ni V3, lakini haiendi juu. Inakwenda pembeni, ndefu, karibu na ardhi, kwa hiyo kuanguka ni kushuka tu, na mnaweza kuikatakata vipande: leo mwanzo wake, kesho katikati. Anayekinga anatembea na godoro pembeni mkiwa mnazungumza. Hata msipoimaliza mtakuwa mmejifunza mwamba huo kuliko kwa mawe ishirini marefu. Mkitoka hapo kuna kitanzi cha kutembea kinachopita kwenye bwawa lenyewe, chini ya kilomita 2. Karibu na njia hiyo kuna michoro ya kale ya wenyeji wa asili. Tazameni kwa mbali, msiguse, na msipande jirani nayo.

Kisha kuna jiwe ambalo shemeji atakuwa ameshaliona kwenye video: White Rastafarian. Ni refu, zuri, limepigwa picha na dunia nzima, na daraja lake ni V2 au V3 kutegemea unamuuliza nani. Hapo ndipo mtego ulipo. Kwa daraja ni lake. Kwa kimo si lake bado. Ukianguka karibu na kilele, magodoro mawili ni kama mkeka. Nendeni mkalitazame, mpige picha, mrudi mwaka mwingine na watu wengi na magodoro mengi.

Siku ya kwanza pandeni kwa muda wa saa mbili tu, hata kama mnajisikia kuendelea. Zile chembe zinakwangua ncha za vidole kama mbuzi ya nazi, na ngozi iliyokwisha Jumatatu hairudi Jumanne. Bebeni tupa ndogo ya kulainisha ncha za ngozi zilizoinuka, plasta ya kitambaa ya kufungia vidole, na mafuta ya kupaka usiku (si asubuhi, yatawatelezesha). Siku ya pili ndiyo ya kazi. Siku ya tatu msipande kabisa. Nendeni Keys View, mita 1,580 hivi, ambapo kukiwa hakuna vumbi unaona bonde lote la Coachella, Bahari ya Salton kwa mbali, na mstari wa ufa wa San Andreas. Siku ya nne asubuhi mtarudia jiwe mlilolipenda, na mtashangaa limekuwa jepesi.

Baridi. Februari mchana ni karibu nyuzi 15 au 16, jua zuri, na kwa kupandia hakuna hali bora zaidi, kwani mwamba wa baridi ndio unaonata. Usiku hushuka mpaka chini ya sifuri. Lakini si baridi inayowashinda watu, ni urefu wa usiku. Jua linazama saa kumi na moja na nusu jioni hivi na kurudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hesabu: saa 13 za giza, watu wawili, hema moja. Watu hujiandaa kwa ajili ya mwamba na kusahau jioni. Bebeni viti, taa ya kuning'iniza mbali na tochi za kichwani, karata au bao, na kuni zenu wenyewe kutoka mjini, kwa sababu kuokota kuni hifadhini hairuhusiwi, hata kijiti kikavu, na moto unawashwa kwenye vyuma vilivyowekwa kambini tu.

Chini ya mifuko ya kulalia tandikeni magodoro ya kuangukia. Angalau usiku nao shemeji atafurahi kwamba mlikodi mawili. Baridi hutoka ardhini kuliko hewani. Jaza chupa ngumu maji ya moto, izibe sawasawa, ivishe soksi, itie miguuni ndani ya mfuko. Chakula kipikwe nyumbani: chapati zilizofungwa, maharage ya nazi kwenye kopo, pilau ya kupasha tu. Kupika kuanzia mwanzo kwenye upepo wa jangwa na jiko dogo la gesi ni chanzo kingine cha ugomvi ambacho hukukitaja. Chai ya tangawizi isikose. Na mkizima taa, tazameni juu. Hifadhi hii ilitambuliwa mwaka 2017 miongoni mwa zile zenye anga jeusi lisiloharibiwa na taa za miji, na Februari mapema usiku Kilimia kinaonekana bayana, zile nyota ambazo wazee wetu walizitazama kujua msimu wa kulima.

Maji mtabeba yote. Hidden Valley na Jumbo Rocks hakuna bomba. Hifadhi inashauri galoni moja kwa mtu kwa siku, karibu lita 4, na mbili mkiwa na kazi ya mwili. Mimi kwa wawili siku nne nabeba lita 45 na narudi na kidogo. Yafungieni vizuri, kwa sababu nyuki wa jangwa wana kiu kuliko nyinyi. Wanafuata tone lolote, hata unyevunyevu wa kiyoyozi cha gari, na ukiacha kioo wazi utawakuta kwenye kiti cha dereva. Simu zenu hazitashika mtandao karibu hifadhi nzima. Pakueni ramani mapema, na jueni kwamba kuna simu ya dharura kwenye maegesho ya Intersection Rock, jirani na Hidden Valley, na nyingine kwenye kituo cha askari wa hifadhi cha Indian Cove. Mwambieni mtu wa San Diego mnarudi lini.

Ugomvi. Nimekinga wapenzi wengi, na karibu wote hugombana kwa sentensi moja: "Weka mguu pale!" Anayesema yuko chini, anaona kishikio, anasaidia kwa nia njema. Anayesikia yuko juu, mapaja yanatetemeka, na kwake ile ni amri ya mtu aliyesimama ardhini. Wekeni kanuni kabla ya kutoka nyumbani: aliye chini hatoi maelekezo mpaka aliye juu aombe. Anachoruhusiwa kusema bila kuombwa ni mambo ya usalama tu: "nimekushika", "godoro liko kushoto", "shuka". Na aliye juu akisema anashuka, anashuka, bila "jaribu tena kidogo". Kanuni ya pili: kila mmoja achague jiwe lake moja kwa siku, na mwenzake akinge pale kwa muda uleule. Ukiona umemkinga saa mbili, naye kakukinga dakika kumi, hapo hamgombanii tena mguu uwekwe wapi.

Na kama mama mkwe atapiga simu kuuliza kwa nini mnalipa dola 30 za gari kuingia porini, mlale chini na kukwea mawe, mpeni shemeji amjibu. Ni mama yake.

Nimebakiza nyoka. Wapo, wakiwemo wenye njuga mkiani, lakini Februari yenye baridi wengi wamejificha. Siku ikichemka huweza kutoka kuota jua, kwa hiyo usitie mkono kwenye ufa au juu ya ukingo usiouona bila kuchungulia kwanza, na viatu visilale nje ya hema. Kitakachowapata kwa uhakika zaidi ni cholla, mdungusi mfupi ambao vipande vyake huning'inia nguoni ukipita karibu. Usikivute kwa vidole. Pitisha kitana kati yake na ngozi, kinyofoe, kisha toa miiba iliyobaki kwa kibano. Miti ya joshua yenyewe msiifunge kamba wala kuiegemeza magodoro, mizizi yake iko juujuu. Na mkirudi tena Aprili, joto likiwa limeanza, msiwashe gari kabla ya kuinama kutazama chini ya magurudumu. Kobe wa jangwani hupenda kivuli cha gari, na huwa hana haraka ya kutoka.